Kadi za haki za mtoto nilizonunua Juni 16: nimekaa nazo miezi mitano, haya ndo maoni yangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka: nunueni. Kama ndani ya nyumba kuna mtoto wa miaka 4 mpaka 7, awe wa kumzaa, wa dada yako, mjukuu, yeyote yule, hela ya hizi kadi haipotei. Mapungufu yapo na ntayasema yote, moja ni kubwa kabisa, lakini kwa hii miezi mitano zilizokaa kwangu zimefanya kazi ambayo mabango na vipeperushi vyote nilivyowahi kuleta nyumbani havikuifanya.

Nilizipata kwenye Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, hapa Tanga. Ile siku ni ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakikataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu, na huku kwetu inakuwaga maandamano ya wanafunzi, ngoma, ngonjera na hotuba. Pembeni ya uwanja kulikuwa na meza ya mama mmoja, mwalimu mstaafu wa darasa la awali, kadi kazichora mwenyewe kwa mkono halafu kazipeleka kuprintiwa. Jina lake silitaji maana sikumuomba ruhusa, na biashara yenyewe bado haina jina, kwenye mfuko wa kitenge kashona tu maneno HAKI ZANGU. Bei 18,000. Nikasita, kwa sababu 18,000 ni mboga ya siku kadhaa, nikamwambia mwalimu nitarudi, akanijibu "chukua moja umsomee mwanao hapa hapa, akichoka kabla hujamaliza rudisha." Mwanangu mdogo ana miaka 4, hakuchoka. Nikalipa.

Ndani ya mfuko kuna kadi 20, kila moja saizi ya nusu daftari, zimepigwa laminesheni. Mbele ni picha tupu bila neno hata moja. Nyuma kuna mistari mitatu tu: wa kwanza unasema haki yenyewe kwa maneno mepesi, wa pili umeandikwa "Sema:" halafu kuna sentensi ya mtoto kusema kwa mdomo wake, na wa tatu umeandikwa "Muulize:" halafu swali. Kwenye kona kuna namba ndogo ya ibara ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ule ambao Umoja wa Mataifa waliupitisha 20 Novemba 1989 na Tanzania ikauridhia 1991. Mkataba una ibara 54, mwalimu kachagua zile ambazo mtoto wa chekechea anakutana nazo kwenye maisha yake ya kila siku, zile za kamati na kuridhia na taratibu kaziacha, na mi naona kafanya vizuri.

Kilichonifanya nizipende ni kadi ya kwanza. Mnajua shida ya kumwelezea mtoto mdogo neno "haki"? Nilishajaribu zamani nikashindwa. Mdogo wangu akisikia haki anamalizia mwenyewe "haki ya Mungu!" kwa sababu ndo sehemu pekee anayolisikia, wenzake wakiapa mtaani. Sasa mwalimu hakuanza na haki kabisa, kaanza na kuonewa. Picha ya kwanza ina watoto watatu na maembe matatu, mmoja kashika mawili, mmoja moja, mmoja hana kitu na midomo kaishusha. Swali: "Nani ameonewa hapa?" Hakuna mtoto wa Kiswahili asiyejua kuonewa, wangu hata viatu hawajui kuvaa vizuri ila "mama ananionea!" wanaijua tangu wana miaka 2. Mdogo akanyoosha kidole hapo hapo kwa yule asiye na embe, mkubwa wa miaka 6 akaongeza kwamba hata yule wa embe moja akinyang'anywa atakuwa kaonewa. Nikageuza kadi, nyuma imeandikwa "Haki ni kile kinachofanya usionewe." Basi, tumeanzia hapo na mpaka leo ndo tafsiri wanayoitumia.

Sasa ule mstari wa "Sema". Hapa ndo pesa yangu ilipo. Nina bango la Mkataba kwa lugha ya watoto ambalo lilitoka 2019, la UNICEF na wenzao, lina alama moja kwa kila haki, zuri na linapatikana bure mtandaoni, nililiprinti kwenye steshenari nikalibandika ukutani na bado lipo. Ila lile ni la mtoto anayeanza kusoma na kukaa na mtu mzima wa kumfafanulia. Mtoto wa miaka 4 kumwambia una haki ya kulindwa, sawa, lakini siku akiwa peke yake na mtu anayemfanyia ubaya atasema nini? Anahitaji maneno mdomoni, mafupi, aliyoyasema mara nyingi mpaka yanatoka yenyewe kama anavyosema shikamoo. Mwalimu kaliona hilo, na kila kadi nimeipima kwa hiyo sentensi tu: je mwanangu anaweza kuisema, na je kuna mtu wa kumsikia.

Kadi ya jina, ibara ya 7. Picha ni mama kabeba kichanga na nesi anaandika kwenye daftari kubwa. Sema: "Jina langu ni fulani, ni mtoto wa fulani, nakaa mahali fulani." Mtoto akipotea sokoni hiyo sentensi ndo inamrudisha nyumbani, we mwenyewe fikiria. Muulize: "Nani alikupa jina lako?" Hapo bibi yao, mama mkwe wangu, tunaishi naye, akaingia kwenye mazungumzo bila kuitwa, akamwambia mdogo kwamba jina lake ni la babu yake mzaa baba, alikuwa fundi wa ngalawa Pangani, alikuwa anapiga mluzi akifanya kazi. Mdogo alikuwa hajui. Mi mwenyewe habari ya mluzi nilikuwa siijui na nina miaka 9 kwenye hiyo familia.

Halafu chini kabisa ya ile kadi kuna maandishi madogo ya mzazi: "Mwonyeshe cheti chake cha kuzaliwa." Cha mkubwa kipo. Cha mdogo hakipo, tulikuwa tunasema kesho, kesho, akafika miaka 4. Wiki iliyofuata nikaenda kufuatilia. Kwa ambao hamjui, RITA, ile taasisi ya serikali inayotoa vyeti vya kuzaliwa, wana mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5 kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, msisubiri mpaka mtoto anataka kuandikishwa shule ndo mkimbizane. Cheti kilipokuja nikampa akishike. Hajui kusoma. Akapitisha kidole kwenye ule mstari pole pole, akafika kwenye jina, nikamwambia hapo, akaniuliza, "Hapa ndo mimi?" Nikamwambia ndiyo hapo ndo wewe. Mpaka leo kila baada ya siku kadhaa anaomba aone karatasi yake, namfungulia kabati anaiangalia, anaridhika, anarudi kucheza.

Kadi ya mwili. Hii ndo niliyoisubiria na hii ndo yenye lile kosa kubwa nililosema. Picha ni nzuri, mtoto wa kike kanyoosha mkono mbele kama askari wa trafiki. Sema: "Mwili wangu ni wangu. Sitaki. Namwambia mama." Sentensi tatu fupi, hata mdogo kazishika siku ya kwanza. Na imeshafanya kazi. Mwezi wa 8 tulikuwa kwenye duka moja la nguo, muuzaji, mtu mzima wa heshima zake, ana tabia ya kuwafinya watoto mashavu na kuwavuta wampakate, hana nia mbaya naamini, ndo wengi wetu tulivyozoea. Mkubwa wangu akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono kama kwenye picha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sitaki kushikwa." Duka zima likanyamaza. Muuzaji akaniangalia mimi, ananisubiri nimkanye mtoto. Jamani ile sekunde ni ndefu. Kila kitu nilicholelewa nacho kilikuwa kinaniambia sema "we mtoto, huna adabu, msalimie mjomba." Nikasema, "Amesema hataki, samahani, atakusalimia kwa mdomo." Na mtoto akasema shikamoo vizuri tu. Yule muuzaji hakufurahi na mi sikurudi tena kwa aibu, lakini mwanangu njia nzima alikuwa kanishika mkono kwa nguvu na hakusema kitu, na mimi najua kilichokuwa kinapita kichwani mwake: nimesema, na mama kanisikia. Siku mtu wa nia mbaya kweli akija, sentensi hiyo ataikuta tayari.

Sasa kosa. Nyuma ya kadi hiyo kumeandikwa "Hakuna mtu anaruhusiwa kugusa sehemu zako za siri." Najua ndo tunavyosema wote, shuleni, kliniki, msikitini, kanisani. Lakini hebu lisikilizeni hilo neno kwa masikio ya mtoto wa miaka 4. Siri. Tumemwambia sehemu hiyo ni siri. Na yule anayemharibu mtoto neno lake la kwanza ni lipi? "Hii ni siri yetu, usimwambie mama." Tumemrahisishia kazi! Mtoto anaunganisha, kumbe ndo ile siri niliyoambiwa, siri haisemwi. Nilipoliona hilo sikulala. Nikampigia mwalimu, namba ipo kwenye mfuko, alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, akasema, "Miaka 31 nimefundisha hilo neno." Tukakubaliana maneno ya "sehemu zinazofunikwa na chupi", mtoto anaelewa bila kufumbiwa, na mstari wa nyongeza, "Mama na baba hawakatazwi kuambiwa kitu chochote." Ameniambia toleo jipya litabadilika. Ila mkikuta za zamani bado zina neno siri, andikeni karatasi mbandike juu kama nilivyofanya mimi. Na nyie wazazi hata bila kadi, liacheni hilo neno kwa watoto wadogo, na wafundisheni majina ya viungo vyao kama mnavyowafundisha sikio na goti, siku akiumwa au akiguswa aweze kusema ni wapi.

Nyuma ya hiyo hiyo kadi kuna namba 116 kubwa nyekundu. Hiyo ni simu ya bure ya kusaidia watoto, inapatikana Tanzania na hata Kenya ni namba hiyo hiyo. Mkubwa tumefanya naye mazoezi kwenye kitochi kibovu kisicho na laini, anabonyeza moja, moja, sita, anasema jina lake na anapokaa kama kwenye kadi ya jina. Kadi mbili zimeungana hapo, sijui mwalimu alikusudia au la.

Kadi ya kusikilizwa, ibara ya 12, ndo ilileta kelele nyumbani. Sema: "Sijamaliza kusema." Tatizo mnalijua kabla sijasema. Mdogo alimwambia bibi yake hivyo mezani, siku ya pili tu, bibi akiwa anamkatisha, "Sijamaliza kusema!" kwa sauti kubwa na kijiko juu. Bibi akaweka sahani chini. Akaniambia mimi, sio mtoto, "Hizo kadi zenu zinafundisha watoto kujibizana na wakubwa." Na kwakweli sikuweza kumpinga moja kwa moja, kwa sababu sentensi ile kwa Kiswahili chetu inakwaruza, ni ya mtu na mwenzake, mtoto haongei hivo na bibi yake. Nikamwambia mama, haki ya mtoto kusikilizwa ipo na naitaka, maneno yake ndo tuyatafute. Alikaa na hilo siku nzima. Jioni akamuita mdogo akamwambia, "Ukitaka nikusikilize sema hivi: Bibi, naomba nimalize." Basi! Naomba nimalize. Adabu ipo, haki ipo, na mkubwa akiambiwa hivyo hana pa kukimbilia, lazima akae kimya asubiri. Bibi mwenyewe kaitungia sentensi ambayo sa hivi anakatishwa nayo mara tatu kwa siku na anatii. Nilimtumia mwalimu hiyo pia. Hapa naona kadi ingetakiwa itungwe na bibi tangu mwanzo, haki za mtoto zikija na lugha ya kuparamia wakubwa nyumba nyingi zitazifungia mlango bila hata kuzisikiliza, na anayebaki nje ni mtoto.

Kuna wanaosema haki za watoto ni mambo ya Wazungu. Bibi alisema hivyo siku ile ile. Nilimwambia Afrika tuna mkataba wetu wenyewe, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulipitishwa Addis Ababa mwaka 1990, na ule una kitu ambacho wa Umoja wa Mataifa hauna, ibara ya 31 inayotaja wajibu wa mtoto, kuheshimu wazazi na wakubwa, kuisaidia familia, kulingana na umri na uwezo wake. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 nayo inataja wajibu. Na kadi ya 20 ndo hiyo, inaitwa "Na mimi pia", mtoto anampelekea babu maji ya kunawa. Bibi anaipenda kuliko zote. Nami naipenda ila na tahadhari, msiigeuze kuwa bei. Nimesikia mama mmoja jirani akimwambia mwanae "hujaosha vyombo, leo huna haki ya kula." Hapana. Chakula hakilipiwi na vyombo. Mwalimu angeongeza mstari mmoja hapo wa kulisema hilo wazi.

Kadi ya kutopigwa. Picha ni fimbo imevunjika katikati na mtoto na mtu mzima wamekaa mkekani wanaongea. Nyuma: "Mtoto anafundishwa kwa maneno, hapigwi." Na hapa pa "Sema" pameachwa wazi, ndo kadi pekee isiyo na sentensi. Mkubwa akaniuliza swali ambalo nililijua linakuja, "Mbona shuleni wanapiga?" Nilimwambia ukweli kadiri ya umri wake. Ukweli ni kwamba huku kwetu kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko, visizidi 4, na anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu au aliyeteuliwa naye kwa maandishi, wakati wenzetu Kenya Katiba yao ya 2010 inamkinga mtoto na kila aina ya ukatili na viboko shuleni havina ruhusa. Kwa hiyo kadi inasema kitu ambacho sheria za huku bado hazijakifikia. Nilimuuliza mwalimu kwanini kaacha wazi, akasema hakupata sentensi ambayo mtoto akiisema mbele ya mtu mwenye fimbo haitamuongezea fimbo. Nimemwelewa na nimeumia. Mi nimeijaza ya kwangu kwa kalamu, sio ya kumwambia mwalimu wa shule, ya kuniambia mimi nyumbani: "Mama nieleze kosa langu." Mimi nilikuwa napiga. Kandambili, mwiko, chochote kilicho karibu. Kwa miezi mitano hii sentensi hiyo imenisimamisha mara nyingi, maana ukishaanza kumweleza mtoto kosa lake hasira inashuka na mara nyingine unagundua kosa lenyewe halikuwepo.

Nimalizie kadi na ya kucheza, ibara ya 31 ya ule mkataba wa Umoja wa Mataifa. Picha ni uwanja wa mtaani, huku wanacheza rede, huku kombolela, wawili wanacheza mdako kwenye kivuli, yaani ukiiangalia unasikia kelele zake. Na kwenye kona ya chini, mdogo mdogo, kuna msichana kabeba ndoo kichwani anapita. Swali nyuma: "Nani hachezi?"

Mkubwa alimuona yule wa ndoo. Mdogo hakujibu picha, akageuka akaangalia jikoni, akasema, "Dada."

Dada ni binti anayetusaidia kazi. Katokea Lushoto, kaja kwetu akiwa na miaka 16, sasa ana 17. Nimekaa na hizo kadi wiki nzima nasoma "watoto wote", "kila mtoto", nawafundisha wanangu, na yeye yupo hatua nne kutoka tulipokaa anachambua mchicha. Sheria ya Mtoto inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Na inasema asifanyishwe kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Dada alikuwa anaamka saa 11 kupika chai. Namlipa kila mwezi bila kukosa, anakula tunachokula, simpigi, nilikuwa najihesabu kuwa mama mzuri. Mtoto wa miaka 4 hakuhesabu hivyo, yeye kaulizwa nani hachezi, kaangalia, kajibu.

Tulibadilisha mambo. Chai ya asubuhi napika mimi au baba yao. Saa 2 usiku kazi zimeisha, vyombo vikibaki vinalala. Jumapili ni yake yote, na mchana kila siku kuanzia saa 9 mpaka saa 11 ana masaa yake, nimemlipia kozi ya cherehani jirani hapa kwa sababu mwenyewe ndo alichochagua, nilimuuliza, na kumuuliza kwenyewe alidhani natega. Naandika hili sio nisifiwe, nililichelewesha mwaka mzima. Naandika kwa sababu nadhani nyumba nyingi zitakazonunua kadi hizi zina dada jikoni, na watoto wenu watauliza, muwe na jibu.

Mapungufu mengine haraka haraka. Laminesheni ni nyepesi, kona zimeanza kufunguka kwa unyevu wa huku pwani, mwambieni aweke nzito hata akiongeza bei. Uzi wa mfuko ulikatika mwezi ule ule wa kwanza tangu ninunue. Kadi ya watoto wenye ulemavu imechora kiti cha magurudumu tu, mtoto kiziwi hayupo, mtoto mwenye ualbino hayupo, na kwa nchi yetu huyu wa mwisho alitakiwa awemo kwenye picha za kawaida kabisa, anacheza rede na wenzake, sio lazima awe na kadi yake. Kadi ya watoto wakimbizi ni ngumu kwa miaka 4, ilimtia mdogo hofu kwamba na sisi tutahama, ihifadhini mpaka afike 6. Kile kikaratasi cha historia kilichomo, kinachoeleza mama wa Kiingereza Eglantyne Jebb aliyeliandika lile Azimio la Geneva la haki za mtoto la 1924 lenye pointi 5, ni kizuri ila ni cha wakubwa, someni nyie, moja ya pointi zile inasema mtoto awe wa kwanza kupata msaada wakati wa dhiki na mi hiyo nimeinakili nikaibandika jikoni.

Matumizi: msizimwage zote siku moja, sisi tunatoa kadi moja Jumamosi baada ya chai, inakaa juu ya friji wiki nzima, na sentensi yake tunaisema kila siku hata kwa mchezo. Baba awepo. Wangu mwanzo alikuwa anaangalia mpira pembeni, sa hivi yeye ndo anachagua kadi.

Oda ni kwa simu, mwalimu anatuma kwa basi mikoani na nauli ya mzigo unalipa mwenyewe, inachukua siku mbili tatu maana anaprinti chache chache. Anayetaka namba aniulize, nitamuomba mwalimu kwanza. Mimi nimeoda mifuko miwili mingine. Mmoja wa darasa la mkubwa, mwalimu wao aliziona akaniomba aazime nikaona bora niwanunulie. Mwingine anao dada, Desemba anaenda nao kwao Lushoto, ana wadogo zake watatu na wa mwisho ana miaka 5. Ile kadi ya mwili ameshaibandika karatasi mwenyewe, kwa mwandiko wake.